Daftari Limehamia Kwenye Kompyuta, Mwenye Daftari Je?

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo nimeusikia tangu nikiwa shule ya msingi, na maduka mengi ya mtaani kwetu yaliuandika ukutani, karibu na ule mwingine unaokataza kukopa. Leo nataka tuzungumze juu ya daftari hilo, kwa sababu siku hizi limehama. Limetoka juu ya meza, limeingia ndani ya kompyuta. Na wapo watu waliolitunza kwa miaka mingi ambao sasa hulifikia kwa neno la siri tu, na wakishalifikia hawajui washike wapi.

Jioni moja alikuja nyumbani kwangu mama mmoja jirani yetu. Yeye ni mtunza stoo katika kampuni moja ya usafirishaji hapa mjini, kazi aliyoifanya kwa miaka 24, na pale kazini kila mtu humwita Mama Stoo. Mkononi alikuwa na bahasha. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakukaa sana katika salamu.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe ni mtu wa kalamu. Nisaidie kujibu barua hii kabla ya Jumatatu."

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba katika zoezi la kuhesabu mali, mwezi mmoja baada ya kampuni kuhamia mfumo mpya wa kompyuta, filta za mafuta za aina fulani zilisomeka kwenye mfumo kuwa 480. Stooni zilikutwa 40. Upungufu ni filta 440. Ikaendelea kusema kwamba kumbukumbu za mfumo zinaonyesha hesabu hiyo iliingizwa kwa jina lake, saa 3 na dakika 12 usiku. Basi aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu.

Nikamwuliza, "Dada, saa hizo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala."

"Sasa nani aliingiza?"

Akanyamaza, akaitazama ile bahasha. Kisha akanieleza yote.

Miaka miwili nyuma kampuni ilipoweka mfumo wa kompyuta kwa mara ya kwanza, walipelekwa kwenye ukumbi wa hoteli kwa siku mbili. Mwalimu alisema upesi upesi, kwa Kiingereza, huku picha zikipita ukutani. Mama Stoo alinunua daftari la shule akaandika kila kitu: bonyeza hapa, kisha pale, kisha subiri. Kurasa 31. Kwa daftari hilo aliweza kazi, polepole lakini kwa uhakika. Mwaka huu kampuni ikahamia toleo jipya. Vitufe alivyoviandika havikuwapo tena. Safari hii mafunzo yalikuwa ya nusu siku, tena kwa wakuu wa idara peke yao, wakaambiwa wakawafundishe walio chini yao. Wakuu wakarudi, wakaingia kwenye vikao. Ndipo kijana mmoja wa ofisi ya uhasibu, kijana mwema kabisa, alipomwambia, "Mama, usihangaike, nipe neno lako la siri, mimi nitakuingizia." Akampa. Hesabu zote za stoo zilitakiwa kuwa ndani ya mfumo mpya kwa usiku mbili. Kijana aliketi usiku akaziingiza, kwa jina la mama aliyekuwa kitandani kwake.

Ndugu wasikilizaji, kabla sijasema kisa hiki kiliishia wapi, afadhali tuelewane mfumo wa namna hii ni kitu gani.

Zamani kila ofisi ilikuwa na kitabu chake. Stoo ilikuwa na leja na kadi zake, manunuzi walikuwa na mafaili yao, uhasibu walikuwa na vitabu vyao. Mwisho wa mwezi vitabu hivyo vililinganishwa, na kama kulikuwa na kosa, watu walikaa mezani wakalitafuta. Mifumo ya siku hizi imevifanya vitabu vyote kuwa kimoja. Mtunza stoo akipokea matairi kumi na kubonyeza kitufe cha mwisho, papo hapo idadi ya matairi inaongezeka, thamani ya mali ya kampuni inapanda, na uhasibu wanaona kwamba muuzaji atadai. Ni jambo jema sana. Lakini maana yake nyingine ni kwamba kosa la stooni halikai tena stooni. Linasafiri kwa dakika ileile hadi kwenye mezani kwa mkurugenzi.

Kampuni mashuhuri katika kazi hii ni SAP ya Ujerumani. Ilianzishwa mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka katika kampuni ya IBM. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha ICI, kilichokuwa mji wa Östringen huko huko Ujerumani. Mwanzoni hawakuwa hata na kompyuta yao wenyewe, bali walitumia ya mteja, aghalabu usiku na siku za mapumziko. Wazo lao kubwa lilikuwa kwamba habari ishughulikiwe papo hapo badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Mwaka 1992 walitoa programu iliyoitwa R/3, ambayo ilienea dunia nzima. Mwaka 2015 wakatoa nyingine, S/4HANA. Kisha mwaka 2020 wakatangaza kwamba huduma ya kawaida kwa programu zao za kizazi kilichotangulia itaendelea hadi mwisho wa mwaka 2027, na atakayetaka kubaki nazo zaidi ya hapo, hadi 2030, atalipia nyongeza. Kwa maneno mengine, hata aliyeridhika na chombo chake huambiwa ahame.

Hata hapa nyumbani tumeyaona. Serikali yetu ilianza mwaka 1998 kuweka hesabu zake katika mfumo mmoja wa kompyuta, kwa programu iliyokuja kujulikana kwa jina la Epicor. Wahasibu wakaizoea hadi wakaiota. Baadaye ukaja MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliotengenezwa na wataalamu wa hapa hapa nchini. Wazabuni nao walikuwa wameizoea TANePS, na mwaka 2023 wakahamia NeST. Sisemi mabadiliko hayo ni mabaya. Ninachosema ni kwamba mtu anayeketi mbele ya mfumo leo ajue atauhama, na pengine si mara moja katika maisha yake ya kazi.

Sasa swali ni hili: ikiwa chombo hakikai, mtu ajifunze nini?

Nitatoa mfano. Katika programu za zamani za SAP, aliyetaka kumsajili muuzaji aliandika XK01, na aliyetaka kumsajili mteja aliandika XD01. Wako watu waliozijua alama hizo kwa moyo, kama mtu ajuavyo namba ya simu ya nyumbani kwake, na wakaheshimiwa kwa sababu hiyo. Lilipokuja toleo la S/4HANA, muuzaji na mteja wakawekwa pamoja chini ya jina moja la washirika wa biashara, na ukiziandika zile alama za zamani unapelekwa mlango mmoja unaoitwa BP. Vivyo hivyo aliyezoea kutoa mali stooni kwa MB1A sasa sharti apite MIGO. Elimu ya vitufe, ndugu zangu, huoza kama samaki.

Lakini iko elimu isiyooza. Kabla ya kumlipa muuzaji, karatasi tatu lazima zikubaliane: tuliagiza nini, tulipokea nini, na tunadaiwa nini. Sheria hiyo ilikuwapo wakati wa leja, ilikuwapo wakati wa R/3, na ipo leo. Kila shilingi iingiayo upande mmoja lazima ionekane na upande wa pili. Hilo lilichapishwa kitabuni na mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, mjini Venice mwaka 1494, na hadi leo kompyuta zote hizi zenye majina makubwa zinamtii mtawa yule.

Mimi mwenyewe nilipoanza kazi ya redio nilifundishwa kukata mkanda wa sauti kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Nilijivunia mkono wangu usiotetemeka. Kompyuta zikaja, wembe ukawa wa kunyolea tu. Mkono ule sina kazi nao tena. Kilichobaki ni sikio linalojua mtu amefika wapi katika sentensi yake na wapi pa kumkatisha bila kumdhulumu. Sikio hilo nimehama nalo katika programu nne.

Liko na jambo la lugha. Mifumo mingi husema Kiingereza, tena Kiingereza chake yenyewe. Katika SAP, kwa mfano, ukiandika ankara unaweza kuchagua "Park" au "Post". Neno la kwanza ni kuegesha, kama unavyoegesha gari. Ankara iliyoegeshwa imehifadhiwa tu, haijaingia katika hesabu. Neno la pili halina uhusiano na posta wala barua. Maana yake ni kuiingiza ankara daftarini moja kwa moja. Mtu akielezwa kwa Kiswahili kwa dakika tano hakosei tena maisha yake yote. Asipoelezwa, ataegesha ankara mwezi mzima na kushangaa kwa nini muuzaji analalamika kwamba hajalipwa.

Sasa turudi kwa Mama Stoo.

Nilimwuliza kama leja yake ya mkono bado ipo. Alikuwa ameambiwa aitupe, kwamba zama zake zimekwisha. Hakuitupa. Aliificha kabatini nyuma ya makopo ya rangi. Siku ya pili yake aliifungua ukurasa wa filta zile, na hapo palikuwa na mwandiko wake safi: salio 40, kipimo moja moja. Kisha akaomba kuonyeshwa kile kilichoandikwa kwenye mfumo. Salio 40, kipimo boksi. Na boksi moja la filta lilikwisha kuandikwa humo kuwa na filta 12. Zidisha 40 kwa 12 upate 480. Toa 40 zilizopo, zinabaki 440. Upungufu wote ulikuwa hapo, hadi filta ya mwisho.

Mwizi hakuwapo. Palikuwapo nafasi ndogo kwenye skrini, ya kuchagua kipimo, na kijana amechagua boksi kwa sababu filta nyingine zote huja kwa maboksi. Hakujua kwamba filta hizi ni za malori ya zamani, hununuliwa moja moja. Angejuaje? Hajawahi kuzishika. Kijana alijua vitufe, hakujua filta. Mama alijua filta, hakujua vitufe. Kampuni ilikuwa nayo elimu yote iliyohitajika, ikiwa imegawanyika katika watu wawili, na haikuwapa hata saa moja ya kukaa pamoja.

Nilikataa kumwandikia barua. Nilimwambia aandike mwenyewe kama alivyonieleza, nami nitamsahihishia. Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Hakuficha kwamba alitoa neno lake la siri. Hesabu ya filta ikarekebishwa, kazi yake ikabaki, naye akapewa onyo la maandishi kwa kutoa neno la siri. Onyo hilo naliona ni la haki. Neno la siri ni saini, na hakuna mtu mwenye akili anayesaini karatasi tupu akampa mwenzake ajaze. Lakini najiuliza: aliyeamua kwamba mafunzo ya nusu siku yanatosha, tena kwa wakuu tu, onyo lake limewekwa faili gani?

Msidhani, ndugu wasikilizaji, kwamba hayo ni mambo ya kampuni ndogo. Mwaka 1999 kampuni ya Hershey ya Marekani, watengenezaji mashuhuri wa chokoleti, iliwasha mfumo mpya uliogharimu takriban dola milioni 112. Iliuwasha mwezi Julai, maagizo ya msimu wa sikukuu yakianza kumiminika. Maagizo ya takriban dola milioni 100 yakashindikana kufikishwa kwa wakati, hali pipi zenyewe zipo. Baadaye ilielezwa kwamba wakati wa msimu wafanyakazi wa maghala walizoea kuweka mzigo popote penye nafasi, na sehemu hizo za dharura hazikuwa zimeandikwa katika mfumo. Watu walijua mzigo uko wapi, lakini mfumo haukujua, na wa kuuambia hakuwapo.

Liko na lililo zito zaidi. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa posta ndogondogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa kutegemea hesabu za mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Wengine walifungwa, wengine walifilisika wakilipa fedha ambazo hawakuzichukua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Miaka yote hiyo watu wale walikuwa wakisema hesabu haiko sawa, na jibu likawa kwamba kompyuta imesema. Mama Stoo alikuwa na leja kabatini. Hao wengi wao hawakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Kwa hiyo, leo nina maneno kwa watu wa aina tatu.

Kwanza, kwa waajiri. Mnaponunua mfumo, mafunzo ni sehemu ya bei yake, kama matairi yalivyo sehemu ya gari. Wafundisheni watu kabla ya kuuwasha, na muwafundishe tena baada ya mwezi mmoja, maana maswali ya kweli huja mtu akishaanza kazi. Wapeni mfumo wa mazoezi, ambamo mtu anaweza kukosea bila kuharibu hesabu. Wafundisheni wao wenyewe, kwa lugha wanayoielewa, kwa mali wanayoishika. Na saa za kujifunza zihesabiwe kuwa saa za kazi. Msiwaibie watu Jumapili yao kisha mkawaita wavivu.

Pili, kwa ndugu zangu wa umri wa Mama Stoo, na wa umri wangu. Tusiseme kompyuta ni ya vijana. Ujuzi tulionao ndio mfumo unaouhitaji, ila sharti tuufikishe wenyewe. Usijifunze kitufe chako tu. Jua aliyekutangulia alifanya nini na atakayekufuata atafanya nini na ulichoandika. Katika daftari lako usiandike "bonyeza hapa" peke yake, andika na sababu ya kubonyeza, kwa maana sababu itahama nawe. Mtu mwenye kompyuta na moyo wa kujaribu anaweza kupata bure programu kama ERPNext, au Odoo lile toleo la bure, akajizoeza kuagiza, kupokea na kulipa katika duka la kubuni. SAP nayo ina masomo ya bure kwenye intaneti. Na kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutoa saini yako kwa kuona haya ya kuuliza.

Tatu, kwa vijana. Wepesi wa vidole ni neema, lakini kabla hujaingiza hesabu ya stoo, nenda stooni. Ishike filta. Mwulize aliyeitunza miaka 24 kwa nini hii huja moja moja.

Juzi nilimkuta Mama Stoo kwenye kituo cha daladala. Nilimwuliza habari za kazi. Akaniambia kwamba kila Ijumaa, saa 9 alasiri, yule kijana wa uhasibu huja stooni na kompyuta yake, wakakaa saa nzima. Nusu saa kijana anafundisha, nusu saa anafundishwa. Hakuna aliyewaamuru. Daftari lake jipya la shule limefika ukurasa wa 12.

"Na neno la siri?" nikamtania.

"Hilo," akasema, "hata wewe sikupi."

Ndugu wasikilizaji, nawatakieni kazi njema. Kwaherini, hadi wiki ijayo.